Mbegu za Mshai wa Mwambani

Hapo zamani, katika milima ya Upare, moto uliteketeza msitu wa mishai uliohifadhi chemchemi. Ulinusurika mti mmoja tu, juu ya mwamba. Chemchemi ikakauka, na ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, ikabaki tope.

Bi Nakijwa alikuwa amemwahidi mumewe aliyekuwa mahututi kwamba uzao wa mishai hiyo hautapotea. Akaokota mbegu za mti ule mmoja, akazipanda. Miche yake iliizoea baridi kama mtoto aizoeavyo sauti ya mama. Walipokuja viwavi, ikadhoofika yote kwa namna moja, ikasalia michache.

Shemeji yake, Senkondo, akashuka tambarare, akaleta mbegu za mishai mingi ya huko. Miche yake iliwashinda viwavi. Lakini baridi ya kipupwe ikaiua, ikasalia michache.

“Shemeji,” Senkondo akamtania, “umepanda ndugu watupu. Nani atamwoa mwenzake? Hata katika ukoo wetu hatuoani.”

“Nawe umetuletea mabwana harusi wasio na blanketi,” akajibu Nakijwa.

Mkaza mwana wa Nakijwa, Nanzia, alicheka, ila neno lile la ndoa halikumtoka. Mishai ya huku na ya kule ilipokua ikachanua, nyuki wakapita kote wakichanganya chavua. Nanzia akakusanya mbegu za mchanganyiko huo, akaotesha, akapanda bonde zima. Miche ile ikastahimili viwavi na baridi. Kwa rehema za Mola, miaka ilipopita chemchemi ikabubujika, ndiva ikajaa.

Ulibaki ubavu mmoja wa mlima juu ya ndiva, mtupu. Na desturi yao ilikuwa hii: anayeizibua ndiva iliyojaa upya ndiye achaguaye mbegu za kupandwa juu yake.

Wazee wakakutana. Senkondo akadai kwamba bila mbegu zake, viwavi wangalikuwa wangali karamuni. Nanzia akainama mbele ya mkwewe. “Mama, sikuufuta uzao wako. Nimeutafutia mchumba.”

Nakijwa alimpenda binti huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Aliyatazama majani ya miche mipya, mapana kuliko aliyoyajua mumewe.

“Bila mti wa mwambani mngechanganya nini?” akauliza polepole. “Nanyi mkipanda chotara kila mahali, ahadi yangu kwa marehemu nitaitimizia wapi?”

Wazee wakaigeukia ndiva. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, na kizibo kilihitaji mkono mmoja tu.

Enyi mliosikiliza, pimeni kwa haki: je, nani alistahili kukivuta?