Kibuyu cha Bi Somoe

Hadithi hii alinipa nyanya yangu, Mwanamvua, siku tunapepeta mpunga. Mimi kusoma sijui, lakini nikisikia kitu hakinitoki. Haya, niitikieni.

Niingie?

*Ingia, mlango u wazi.*

Niingie na nani?

*Na watu wa kale.*

Hapo kale, kabla hata babu yenu hajaanza ukorofi, alikuwepo mjane mmoja, Bi Somoe. Ana shamba moja tu la mpunga, kule bondeni. Mwaka uliopita ndege kwelea walishuka, wakala, wakamaliza. Bi Somoe akala mihogo mwaka mzima, mihogo asubuhi, mihogo mchana, mihogo jioni.

Mwaka huu mpunga umezaa. Bado siku tatu avune. Lakini goti limevimba. Kupanda dungu, kile kichanja cha kuamia ndege wasile, hawezi. Kukimbia hawezi. Kupiga kelele hawezi, kikohozi kimemkausha koo. Na mtoto hana.

Sasa, kijijini walikuwepo wazee wawili. Mmoja Mbonde, mtu wa kutambika mizimuni, hata akijikwaa anasema karogwa. Mwingine Ungando, haamini kitu mpaka akishike. Hawa wakikutana ni ugomvi tu. Mbonde anasema, "Uganga upo." Ungando anasema, "Haupo." Nyie wa mkekani semeni Upo. Nyie wa kitandani semeni Haupo.

*Upo. Haupo. Upo. Haupo.*

Basi, hivyo hivyo, toka asubuhi mpaka chakula kinapoa. We Tatu usicheke, na hirizi yako hiyo kiunoni.

Bi Somoe akachukua kibuyu, akakifunga kitambaa chekundu, akakitundika katikati ya shamba. Akajikongoja mpaka kwa wale wazee.

"Kaka zangu, nimetundika kibuyu. Ndege hatui."

"Hatui," akasema Mbonde. "Nimekiona kwa mbali, nywele zikanisimama."

"Nywele zipi, na kichwa chako hicho?" akasema Ungando. "Watatua, watakula, na watanya humo kibuyuni."

"Basi njooni mkae dunguni siku tatu," akasema Bi Somoe. "Wakitua wakala, Ungando kashinda. Wasipokula, Mbonde kashinda. Atakayeshindwa asibishe tena barazani mpaka kufa."

Wakatazamana. Kutobisha mpaka kufa, hilo si dogo.

Siku ya kwanza, alfajiri, wako juu. Kwelea hao, kundi kama wingu.

"Tazama, wanageuka," akasema Mbonde.

"Wanageuka wapi? Wanatua," akasema Ungando, akasimama, akapunga mikono kuonyesha. "Wale pale. Na wale. Na wale."

Ndege wakaruka wote.

"Uganga upo," akasema Mbonde.

*Haupo.*

Siku ya pili, kundi likaja, wakabishana mpaka dungu likayumba. Hakutua hata mmoja.

Usiku ule Ungando akawaza. Akajiambia, kesho nitafunga mdomo, nione kama ndege watatua.

Siku ya tatu ndege wakaja. Mbonde akasema, "Upo." Ungando kimya. Mbonde akasema tena, "Upo, bwana." Kimya. Mtu akibisha peke yake anachoka. Mbonde naye akanyamaza.

Kwelea wa kwanza akatua. Wa pili. Wa tatu. Suke likainama. Bi Somoe kakaa chini ya dungu na goti lake, anaiona mihogo ya mwaka mwingine inakuja.

Akakohoa. Akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mbonde, mwenzio leo kanyamaza. Naona amekubali."

"Nimekubali nini?" Ungando akaruka. "Mimi? Nikubali kibuyu? Haupo, haupo, haupo."

"Upo," akasema Mbonde.

Ndege hao, mpaka ng'ambo ya mto, hawakurudi.

Kesho yake mpunga ukavunwa wote. Bi Somoe akafungua kibuyu mbele yao. Ndani, ugoro wake. Akabana kidogo, akanusa, akapiga chafya.

"Si nilisema?" akasema Ungando. "Ugoro mtupu."

"Na ndege walikula?" akasema Mbonde. "Hawakula."

"Kaka zangu," akasema Bi Somoe, "wanaume wawili wazima, siku tatu, dunguni kwa mwanamke, jua kali, bila hata senti. Huo kama si uganga, ni nini?"

Mbonde akamgeukia Ungando. Akasema, "Umesikia? Upo."

*Haupo.*

Wiki ile ile kina mama wa bondeni wote wakaja kwa Bi Somoe kuazima. Kibuyu hakuna aliyekitaka. Walioazimwa ni wale wazee wawili.

Nimeingia, nimetoka, mlango funga wewe uliye karibu. Na nyie mnaonong'ona upo, haupo, kabishieni usingizini. Mkeka huo hapo. Laleni.