Salamu ya Rumaisa kwa Mgonjwa

Imepokewa, ndugu waumini, kwamba katika mji mmoja wa Shamu palikuwa na nyumba ya wagonjwa, na tabibu wake mkuu, Sheikh Abu Lubaba, alikuwa bahari ya elimu. Ila, Mola amsamehe, alikuwa na kaida moja: mwanafunzi hamsemeshi mgonjwa. Atashika mshipa, atatazama mkojo ndani ya chupa, kisha atataja maradhi. "Tabibu anayeuliza ni ombaomba," alizoea kusema. Basi mgonjwa kwao alikuwa gogo.

Siku ya mtihani ikafika zamu ya Rumaisa binti Qutaiba, mjane aliyesoma kwa taabu ili awatibu wanawake wenzake. Bila ijaza, yaani hati ya Sheikh ya kumruhusu kutibu, asingeweza kumtibu hata mmoja. Mbele yake alilazwa Bibi Ummu Hani, hoi, midomo imemkauka. Wanafunzi wenzake walikwisha kubishana, huyu anasema ini, yule wengu. Bibi wa watu kimya.

Rumaisa akapiga magoti. "Asalamu alaikum, mama."

"Ukiongeza neno," Sheikh akasema, "ijaza huna."

Rumaisa aliitaka ijaza ile kuliko kitu chochote, lakini akajibu: "Basi sina, Sheikh wangu. Ijaza ni yako kutoa, lakini salamu ni haki ya huyu. Mama, una nini?"

Bibi akafumbua macho. "Nimefunga, mwanangu. Nina deni la Ramadhani, naogopa kufa nalo. Dawa yao ya asubuhi naitema."

"Hukuwaambia?"

"Nani kaniuliza?"

Lo, ini limekwisha hukumiwa, kumbe bibi ana njaa na dawa haijamfika tumboni. Rumaisa akamkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, atalipa akipona. Akamnywesha maji, kisha dawa.

Sheikh alitahayari, lakini akang'ang'ania neno lake. "Toka." Rumaisa akatoka kichwa juu, machozi yakimtiririka.

Akaitwa mwanafunzi wa pili. Naye akapiga magoti: "Asalamu alaikum, mama." Wa tatu vilevile.

"Nyote mnataka kukosa ijaza?" Sheikh akauliza. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo Ummu Hani akageuza shingo. "Na wewe, tabibu, kila siku wanishika mkono. Mbona hujanisalimu?"

Sheikh naye akapiga magoti, akatoa salamu, na akaagiza Rumaisa arudishwe apewe ijaza yake.

Enyi mnaosomesha matabibu, kuuliza si ujinga. Nusu ya elimu iko vitabuni. Nusu nyingine anayo mgonjwa, na hampi asiyemsalimu.