Msumari Katika Chujio

Mtoboa chujio hunywa matope. Mmeisikia leo kwenye mkutano wa kikundi chenu cha nyuki, pale mlipotaka kumwondoa katibu wenu kwa kosa la kuwarudishia asali yenye nta na mabawa. Mama mmoja akaitamka, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mmefika penyewe. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia katika mkono wangu huu wa kulia.

Miaka hiyo chama chetu cha wakulima wa pareto kilikuwa na lori moja la dizeli, nami, Ahazi Tweve, ndiye niliyekuwa dereva wake. Watu waliliita Jembe. Lilikuwa kuukuu, lakini masika yakianza hapa Ukinga hakuna gari jingine lililokuwa likipanda kwetu kila wiki. Lilishuka mjini na pareto, likarudi na mbolea, chumvi, na wagonjwa waliopona. Nilikuwa mtu wa kujivuna, sikatai. Nilikuwa nimesoma ngumbaro jioni miaka minne baada ya kazi, mpaka nikaweza kusoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole. Madereva wengi wa wakati ule hawakuweza.

Tatizo la Jembe lilikuwa mafuta. Dizeli yetu ilikaa katika mapipa uani, mvua ikipenya na kutu ikianguka ndani. Chujio la gari lilikuwa dogo kama kikombe cha chai, na uchafu ulilipita. Injini ikawa inakohoa kila mlima. Ndipo Fundi Obadia Chaula akafunga chujio jipya, kubwa mara tatu, lenye bilauri ya kioo chini yake ya kunasa maji na kibomba kidogo cha kuyamwaga. Kishikio chake alikichonga kwa chuma cha kitanda kibovu. Alifanya kazi siku mbili, nami nilisimama pale nikimwangalia.

Alipomaliza alinipa karatasi iliyokuja na chujio. Nikaisoma kwa sauti ya mwalimu mbele ya watu: mwaga maji kila asubuhi, badilisha likijaa.

"Umesoma vizuri, Dereva," Obadia akasema. "Sasa nisikilize na mimi nisiyesoma. Tangi lako lina kutu ya miaka ishirini. Chujio hili litajaa upesi, tena na tena, mpaka tangi lisafike. Likijaa usilinunie. Limekamata mwizi."

Safari ya kwanza nilisimama mara tatu. Injini inafifia, nashuka, nafungua chujio, naweka jingine, nasukuma pampu ya mkono mpaka upepo uishe kwenye mabomba, napanda. Safari ya pili vivyo hivyo. Pale kwenye kibanda cha chai, Nikodemu Ilomo, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, alinipita akapiga honi, na nilipofika alikuwa amekwisha kunywa chai yake.

"Kamwene, Tweve! Mtoto amelala?"

"Mtoto gani?"

"Huyo unayesimama kumnyonyesha kila kona! Mama chai, mpe huyu uji, ametoka uzazini."

Kibanda kizima kilicheka. Nilicheka nao, lakini moyo ulikuwa unachemka.

Nilipomweleza Obadia, aliniambia tulishushe tangi tulioshe, kazi ya siku mbili. Nikamjibu kwamba pareto imekauka inangoja, sina siku mbili za kuogesha gari. Kesho yake njiani, chujio la mwisho lilipojaa, nililitoa, nikachukua msumari wa inchi nne, nikalitoboa mara mbili. Hiyo haikuwa akili yangu peke yangu. Madereva wa wakati ule walifanya hivyo na kuitana mafundi. Nikalirudisha mahali pake na kuufunga mfuniko wake wa chuma, ukang'aa kama jana.

Jembe likakimbia! Wiki tatu sikusimama hata mara moja. Nikampita Nikodemu mlimani nikampigia honi ndefu. Chama kikanisifu kwenye mkutano.

Obadia aliniuliza jambo moja tu. "Chujio limekuwa jema ghafla?"

"Limezoea," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Wakati huo mama yangu, Twilumba, alikuwa amelazwa mjini kwa kifua. Nilipomtembelea alinishika kidole hiki, akasema, "Mwanangu, nikiishia huku usiniache kwa wageni. Unirudishe kwa gari lako wewe mwenyewe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari siku hizi halisimami.

Alifariki siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi nilipakia jeneza kule mjini, na ndugu na majirani ishirini walioshuka nami kumchukua wakapanda nyuma, Obadia akiwa miongoni mwao. Nyumbani kaburi lilikuwa tayari, watu wamekusanyika, maana kwetu kaburi likifunguliwa halilali wazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimeshika usukani nikijiambia: angalau ahadi hii moja nitaitimiza.

Katikati ya mpando wa Nyamande injini ilikohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Wanaume wakaruka wakaweka mawe nyuma ya matairi. Obadia akaja na spana, akafungua mfuniko, akalitoa chujio na kuliinua kwenye mwanga. Nilisimama karibu naye. Wengine walikuwa mbali kidogo, wakilifunika jeneza kwa turubai.

"Tweve," akasema kwa sauti ya chini, "matundu haya hayakutobolewa na kutu."

"Ni msumari wangu."

"Lini?"

"Wiki tatu."

Akafungua bomba linaloingia kwenye pampu ya injini, akatia kidole. Kilitoka na tope jeusi. Alilipangusa kwenye suruali yake.

"Pampu imekula tope wiki tatu," akasema. "Hapa sina cha kutengeneza."

"Fundi, nakuomba. Mama anangojwa."

"Ningekuwa nacho ningekunyima?"

Tulingoja gari lingine. Nikodemu alikuwa amekwenda Mbeya, na barabara ile haikuwa na mwingine. Obadia hakumwambia mtu yeyote neno la msumari. Alikwenda nyuma ya lori, akashika pembe ya kwanza ya jeneza, akasema, "Jamani, tumbebe mama yetu."

Zilikuwa kilomita tisa za kupanda. Wanaume walipokezana, wanawake wakaimba nyuma, na sauti zao zikawa zinapotea kwenye ukungu na kurudi. Mimi sikukubali kupokewa. Niliteleza mara mbili, na mara ya pili goti langu lilichanika kwenye jiwe. Obadia alikuwa mbele yangu. Nilikuwa natazama ile suruali yenye alama ya tope.

Tulifika mvua imekatika, lakini kaburi lilikuwa limeingia maji kufikia magoti. Watu walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wazee wamelowa, na wachimbaji waliotumia nguvu zao alfajiri walikuwa wanatetemeka. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa pole, na kila pole ilinichoma. Nikavua koti, nikashuka kaburini mwenyewe na ndoo. Nilichota maji, kisha matope, kwa ndoo, kisha kwa viganja, mpaka udongo mgumu ulipoonekana. Matope yaliniingia mdomoni. Niliyatema, yakaingia tena.

Tulimzika. Ulipofika wakati wa neno la familia, watu walidhani nitashukuru kama desturi. Nilishukuru. Kisha nikasema:

"Mtakwenda nyumbani mkisema Jembe lilituangusha. Jembe halina kosa. Fundi Obadia alilifungia chujio la kuzuia uchafu, nami nikalitoboa kwa sababu lilinichelewesha na watu walinicheka. Uchafu lilioukataa nikaupitisha mimi. Mama aliniomba jambo moja. Mtoboa chujio hunywa matope, na leo mmeniona nikiyanywa."

Nikodemu hakuwepo, lakini maneno yalimfikia, na sikumsikia tena akimcheka mtu aliyesimama kubadilisha chujio.

Funguo nilizirudisha kwa chama siku ya tatu. Mimi na Obadia tukalishusha tangi na kuliosha. Tulitoa debe zima la tope. Jembe lilikaa miezi mitano likingoja pampu, na masika hayo wagonjwa wetu walibebwa kwa machela.

Basi nendeni. Kesho katibu wenu akiwarudishia asali, ichukueni mkaichuje upya. Ataikataa tena, mtanuna, mtacheleweshwa, wengine watawapita na kuwapigia honi. Mkumbuke kaburi lililojaa maji, na mtu aliyekuwa ndani yake na ndoo. Mtoboa chujio hunywa matope.