Mashavu ya Bi Buku Siku ya Moto

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, mmeitika kama wagonjwa. Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi amalize. Paukwa!

— Pakawaaa!

Kuna nini huko mbele?

— Sema wewe, sisi tuna masikio!

Basi hapo zamani za kale, kale ya wanyama kusema na watu kusikiliza, palikuwa na bonde la nyasi ndefu, na katika bonde hilo alikaa panya buku mmoja mjane, jina lake Bi Buku. Mnamjua panya buku? Yule mkubwa wa porini, mwenye mkia mrefu wenye ncha nyeupe na mashavu kama mifuko ya koti. Akiokota karanga hali, anatia shavuni. Akiokota mtama hali, anatia shavuni. Ukikutana naye njiani utampa pole ya jino, kumbe mwenzako anahamisha shamba la mtu.

Bi Buku alikuwa na watoto watatu: Punje, Chenga, na kitindamimba wake Chembe. Hao ndio waliokuwa macho yake na moyo wake.

Na zama zile zilikuwa mbaya. Mzee Simba alikuwa amekufa bila kuacha neno. Chui akasema, "Kiti ni changu." Fisi akasema, "Chako tangu lini?" Asubuhi Chui anatangaza kwamba watu wapite njia ya kulia. Jioni Fisi anatangaza kwamba atakayepita kulia atakatwa masikio. Unalala raia wa Chui, unaamka raia wa Fisi, na hakuna aliyekuuliza.

Bi Buku akakaa akawaza. "Mkubwa hajulikani, kesho haijulikani. Basi angalau mimi nijulikane kwa wanangu." Akachimba shimo lenye milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Akachimba ghala. Akafukia vibuyu vya maji. Akaanza kukusanya, huku anaimba:

*Kesho ni mgeni asiyepiga hodi,*
*tia shavuni, tia shavuni.*
*Akija na njaa, akija na vita,*
*tia shavuni, tia shavuni.*

Tena kila asubuhi aliwatoa watoto nje akawapanga mstari.

"Mkisikia *kwi! kwi! kwi!* mnafanyaje?"

"Tunaacha kila kitu, tunakimbilia Jabali Kipara!"

"Na anayerudi nyuma kuchukua kitu?"

"Atauacha mkia wake huko huko!"

Jabali Kipara lilikuwa jiwe kubwa jeupe, halioti hata unyasi mmoja. Moto haupandi, maji hayafiki. Mnaona? Mama ana akili.

Lakini mwenye akili naye ana kibanda chake cha ujinga. Ghala likajaa, Bi Buku akaendelea kukusanya. Akajaza chumba cha kulala, watoto wakawa wanalala juu ya karanga. Chumba nacho kikajaa. Akatazama huku na huku, akaona ushoroba wa mlango wa nyuma uko mtupu. Akaujaza muhogo mkavu mpaka juu.

"Kwa muda tu," akasema.

Hiyo "kwa muda tu" mnaijua wenyewe. Kuna nyumba hapa kijijini ina baiskeli mbovu mlangoni kwa muda tu tangu bibi harusi ameingia, na sasa ana wajukuu. Sitaji mtu.

Jirani yake alikuwa Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi na maneno mengi zaidi. Bi Kanga alijua nani kagombana na nani, nani kala nini, na nani kala cha nani. Hakuwa na ghala wala kibuyu. Kila asubuhi alipita mbele ya shimo, shingo ndefu, sikio mbele.

"Shoga, hiyo karamu yote ni ya harusi ya nani?"

"Ya kesho."

"Na huyo bwana Kesho umeshamwona sura?"

"Pita zako, Bi Kanga. Mdomo wako hauwezi kuweka hata mate."

Bi Kanga akacheka, kekeke, akapita. Jirani wa pili alikuwa Bwana Ngiri, mkali wa kuchimba, mvivu wa kuweka. Yeye alipita kinyumenyume kuingia shimoni kwake, kama desturi yao, akalala.

Basi siku moja askari wa Fisi wakaja. "Toeni chakula cha jeshi!" Wakala mahindi, wakala maboga, wakala hata magunzi. Bi Buku akaziba mlango wake wa mbele kwa udongo, akatulia kimya na wanawe. Askari wakamkanyaga juu ya paa, wasijue. Walipoondoka, bonde zima lilikuwa na njaa, ila yeye.

Bi Kanga akaja, vifaranga nyuma. "Shoga, mtama kiganja kimoja tu. Watoto wanalia."

"Akiba haiozi, Bi Kanga. Ila ikigawiwa inakwisha."

"Kiganja kimoja, Bi Buku!"

"Ulikuwa wapi nilipokuwa naokota? Ulikuwa unapita na shingo yako." Akafunga.

Siku nyingine Chui akauzungushia mto miiba. Asiyemwimbia sifa hanywi, na akiona sauti yako mbaya hunywi vilevile. Bi Buku akafukua kibuyu, akanywa na wanawe. Bwana Ngiri akaja, ulimi nje.

"Bibi, funda moja. Koo limekauka, hata kukoroma siwezi."

"Kibuyu changu kina vinywa vinne, Bwana Ngiri. Cha tano hakimo." Akafunga.

Hapo Bi Buku akajiona yeye ndiye yeye. Askari wamempita, kiu imempita. "Nani tena kama mimi?" Akaongeza muhogo mlango wa nyuma.

Sasa kaeni vizuri.

Mchana mmoja wa upepo, Chui na Fisi waligombania mpaka. Huyu akasema mpaka ni pale, yule akasema ni pale. Nani aliyewasha nyasi? Chui anasema Fisi, Fisi anasema Chui, lakini moto wenyewe haukungoja kesi. Ukaja ukikimbia, unaguguna nyasi kwa sauti.

Bi Buku akanusa moshi. Watoto wako nje wanacheza. Mama, piga kwi! Hakupiga. Akawaza kwanza, "Tutakula nini jabalini?" Akaingia ghalani mbio. Karanga, tia shavuni. Mtama, tia shavuni. Akaona bado pana nafasi. Akachukua kipande cha muhogo mkavu, kirefu, akakisukuma, kikaingia kikakaa mshazari kama komeo la mlango.

Akatoka nje. Moshi umeshafika. Akafungua mdomo kupiga ishara.

"Mmf! Mmf! Mmf!"

Punje na Chenga, juu ya kichuguu, wakamtazama, wakaanguka kwa kucheka. "Mama anatuigizia! Mama, fanya tena!"

"Mmmf! Mmmmf!"

"Tena, Mama!"

Akajaribu kutema. Muhogo umekwama. Karanga ziko nyuma ya muhogo, na mtama uko nyuma ya karanga. Akajipiga makofi mashavuni, akajikwaruza. Watoto wakazidi kucheka, na moto ukazidi kuja.

Juu ya moshi akapita Bi Kanga. Vifaranga wake walikuwa wameshatangulia jabalini. Akasikia mmf, akatazama chini, akaona yale mashavu. Akaelewa palepale. Tena, niwaambie kweli, akacheka kwanza, kekeke, hata katika moto ule. Kisha akatua.

"Toba! Ghala limekula ufunguo wake!"

Akanyoosha shingo, na kwa ile sauti yake ya debe bovu akapiga:

"*Kwi! Kwi! Kwi!*"

Kaijulia wapi ishara ya watu? Lo, mnauliza? Kila asubuhi alikuwa anapita, sikio mbele! Punje na Chenga wakaruka toka kichuguuni kama mshale, moja kwa moja Jabali Kipara.

"Wawili hao," Bi Kanga akasema. "Na yule mdogo?"

Chembe hayupo. Bi Buku akazunguka, hayupo. Ndipo akakumbuka kwamba alipokuwa anaingia ghalani alisikia vijiguu nyuma yake. Mtoto alimfuata mama. Amemwona mama hakimbilii jabali, anarudi kwenye karanga, naye kafanya alivyofanya mama.

Na sasa nyasi za mlango wa mbele zinawaka. Na mlango wa nyuma umejaa muhogo wa kwa muda tu.

Bi Buku akashika mashavu kwa mikono miwili, akasukuma kwa nguvu za kuzaa. Karanga zikamtoka, mtama ukamtoka, chakula chote alichokihangaikia kikamwagika vumbini asikitazame. Kipande cha muhogo peke yake kikagoma, kikasogea tu pembeni. Lakini sauti ikapata pa kupita.

"Chembe! Chembe wangu!"

Chini ya ardhi, mbali, "Mama! Nyuma hapapitiki!"

Bwana Ngiri alikuwa anapita mbio kuelekea jabalini. Bi Buku akajitupa mbele yake.

"Bwana Ngiri, baba, mtoto wangu yumo ndani! Nichimbie!"

Ngiri akasimama, akapumua. "Bibi, siku ile ulinifungia mlango na ulimi wangu uko nje. Nikikumbuka nakasirika sana." Akatazama moto. "Lakini nitakasirika baadaye. Mlango uko upande gani?"

Akachimba kwa pembe za mdomo, akachimba kwa pua. Muhogo ukaruka huku, muhogo ukaruka kule. Bi Buku anavuta, Bi Kanga anapepea moshi kwa mbawa na kutukana. "Muhogo gani huu, Bi Buku? Ulikuwa unajenga msikiti?"

Shimo likapenya. Ngiri akageuka, akaingia kinyumenyume, matako mbele kama desturi yao, na ile desturi tuliyokuwa tukiicheka, siku ile ilikuwa tamu kuliko asali. Maana mkia ulitangulia ndani, na Chembe alipouona akaudaka.

"Umeshika?"

"Nimeshika!"

Ngiri akatoka mbio. Na ngiri akikimbia mkia unasimama wima, mnajua. Basi Chembe alivuka bonde juu ya mkia kama bendera ya serikali mpya, analia na kucheka, mama yake nyuma, Bi Kanga juu. Wakapanda Jabali Kipara, na moto ukafika chini ya jiwe, ukatafuta njia, ukakosa, ukapita.

Wakakaa. Bonde jeusi. Hakuna mwenye kitu. Kifaranga kimoja kikasema, "Njaa."

Bi Buku akaona haya, akashusha kichwa, akasema kwa shavu moja, "Nina muhogo. Ila hautoki."

"Fungua," akasema Bi Kanga. Akashika kwa mdomo, Ngiri akamshika Bi Kanga, watoto wakamshika Ngiri. Wakavuta. Ukatoka, paaa! Wote wakaanguka chali.

Bi Buku akauchukua, akauvunja kwa meno. Kipande cha kwanza akawapa vifaranga. Cha pili akampa Ngiri. Cha tatu akampa Bi Kanga.

"Na wako?" akauliza Bi Kanga.

"Nimeshiba."

"Tangu lini?"

"Tangu Chembe alipotoka."

Bi Kanga akatafuna kidogo, akakunja uso. "Una ladha ya mate yako, shoga." Kisha akamega nusu, akamtia mwenzake mdomoni.

Tangu siku hiyo Bi Buku hakuacha kukusanya, msije mkasema nimesema aache. Lakini mlango wa nyuma ulibaki mtupu, hata nyasi haukuwekewa. Chakula alikigawa, kingine kwa Ngiri, kingine kwa Bi Kanga, ili moto ukila kwa mmoja usile kwa wote. Na ishara ya kwi akaifundisha bonde zima, mpaka Fisi mwenyewe akaisikia akakimbia bila kujua anakimbia nini. Yeye na Chui bado wanagombana. Hilo halikuwa mikononi mwa Bi Buku, wala halimo mikononi mwenu.

Funzo ni hili, wajukuu. Zama zikiwa mbovu, weka akiba, wala usione haya ukichekwa. Lakini usiweke akiba penye njia ya kutokea, usijaze mdomo utakaoitia wanao, na jirani yako ajue unakimbilia wapi. Na huyo jirani mwenye sikio refu, msemeni taratibu. Siku moja atakupigia kwi yako.

Hadithi yangu naitua hapa. Iliyo tamu chukueni mgawane, iliyo chachu niachieni, nitaitia chumvi na pilipili niile mwenyewe.