Supu Imeisha

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Afriyie wa Kumasi aliuonja ukweli huo alipoomba kazi ya kuunda programu, kazi aliyoitamani tangu amalize masomo. Kampuni ilitaka kila mwombaji alete tovuti ya kuonyesha kazi zake.

Boakye, aliyesoma naye, alikuwa amekwisha kuipamba yake. Ilikuwa na picha zinazoelea, muziki, na programu chungu nzima, zote za kunakili mtandaoni.

"We Afriyie, una nini cha kuonyesha?"

"Ukurasa wa mgahawa wa mama."

"Wa kuuza fufu na supu?" Boakye akaangua kicheko. "Dada, unaenda kuomba kazi au kuuza supu? Chukua mbili tatu zangu. Nani atajua?"

Afriyie alishawishika, akazichukua. Usiku ule hakuridhika. Wakimuuliza zimeundwaje, angejibu nini? Akazifuta zote, akabaki na ukurasa wa mama yake, unaowaambia wateja supu ipi bado ipo chunguni wasije wakafunga safari bure.

Siku ya usaili Boakye alitangulia. Afriyie, akisubiri nje, aliusikia muziki, kisha sauti ya Bi Konadu, mkuu wa kampuni: "Hebu uzime huo muziki, kijana." Muziki ukaendelea. "Nimesema uzime!" Boakye alitoka ametota jasho, asijue unazimwaje, na muziki ungali unalia.

Zamu ya Afriyie ikafika. Bi Konadu, aliyeketi na wenzake, akaufungua ukurasa kwenye simu yake.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu, madamu. Lakini unatumika."

Mara picha ya chungu kimoja ikajifunika mbele ya macho yao: *Supu ya karanga imeisha.*

"Ee! Nani kakifunika?"

"Mama, yuko jikoni. Hajui kusoma, ndiyo maana nikamwekea picha. Akigusa chungu, kinajifunika."

Bi Konadu akaisogeza simu karibu. "Na ya mbuzi ipo?"

"Ipo, ila msichelewe."

Bi Konadu akainuka, akawageukia wenzake. "Jamani, twendeni tukale. Na wewe binti, Jumatatu uanze kazi."

Afriyie hakuwa amejisifu hata kidogo. Chungu cha mama yake kilimsemea. Ama kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.