Kwa Nini Jani la Isale Hufungwa Fundo

Asiyeniamini aondoke sasa hivi. Chepe aliache hapa, njia ya kwake anaijua. Ni kweli niliishia darasa la tano, na Mwalimu Elinami, huyo aliyekaa juu ya jiwe, ndiye aliyenifukuza kwa sababu ya mdomo. Lakini jambo hili halimo kwenye vitabu vyake. Nililipata kwa bibi yangu, naye alilipata kwa bibi yake, na hao hawakuwahi kudanganya isipokuwa kuhusu umri wao.

Tangu asubuhi tunazibua mfongo huu, mfereji uliotulisha wote, sisi wa ng'ambo hii ya korongo na nyie wa ng'ambo ile. Nyie mkiongea wenyewe kwa wenyewe, katika maneno matatu ninashika moja. Mama Ndeshi akaniuliza, "Haya, Barikieli mjuaji, kwa nini mlima mmoja una lugha nyingi hivi?" Aliuliza ili mnicheke. Sasa akae alipokee jibu lake.

Zamani, theluji ilipokuwa ikishuka chini kuliko leo, mlima wote ulisema lugha moja. Kuanzia Rombo mpaka Siha, mtu alisimama ukingoni mwa korongo lake akapaza sauti, na wa ng'ambo akamjibu bila kuuliza, "Umesemaje?" Mwali aliyeolewa mbali hakujifunza upya jina la maji wala la ndizi. Leo Mrombo na Mmachame wakikutana sokoni inabidi wagombane kwa Kiswahili. Enzi zile waligombana moja kwa moja.

Katika mlima huo aliishi Msele. Hakuna aliyemshinda kuchonga mfongo. Aliyatoa maji kule juu msituni, akayapitisha ubavuni mwa korongo kwa kukadiria na jicho tu, yakafika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, yakiwa bado na baridi ya huko. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Mbona mnanitazama mimi? Msikilizeni Msele.

Mfongo wake ulilisha ng'ambo mbili kwa zamu, leo kwake, kesho kwa jirani yake Kileo. Zamu ilikuwa zamu. Hata mtu akifiwa, siku zake za maji zilitunzwa, hazikuguswa na mtu mpaka atoke matangani. Lakini mama yake Kileo alipofariki, Msele aliyaona maji yanapita bure kwa jirani, akayageuzia kwenye migomba yake. Kileo alipotoka msibani alikuta migomba yake imeinamisha vichwa. Akasimama ukingoni akauliza kwa upole, "Msele, ndugu yangu, maji yangu yako wapi?"

Msele angesema "nimekosa," yangeishia hapo. Badala yake akapaza sauti: "Nilidhani mmekufa wote! Mama yako hanywi tena, maji ya nini?"

Na kwa kuwa lugha ilikuwa moja, kila aliyesikia alielewa. Mcheshi wa ng'ambo ya tatu aliidaka dhihaka ile akairusha ya nne, na wa ya nne akaiongezea chumvi. Kabla jua halijatua, mama wa watu, ambaye udongo wake ulikuwa bado haujakauka, alikuwa kichekesho cha mlima mzima.

Kileo aliingia ndani, akawaambia watu wake, "Mdomo ule unatufikia kwa sababu tunatumia maneno yake. Tuyafiche." Wakaanza kuyageuza. Mengine waliyavuta, mengine wakayakata mikia, na salamu wakaibadilisha kabisa. Ng'ambo nyingine zikaona hiyo ni busara, maana nani alitaka kuwa wa pili kuchekwa? Kila watu wakaficha maneno yao kama mtu anavyoficha mbegu nzuri. Ndiyo sababu hata leo ukizisikiliza lugha zetu unajua ni ndugu. Mifupa ni ileile, nyama tu ndiyo tofauti.

Namsikia Mama Ndeshi ananong'ona, "Kwani alikuwepo?" Sikuwepo, shangazi. Tulia.

Miaka ikaenda. Masika moja ardhi iliporomoka kule juu, kwenye msitu wa upande wa Kileo, na mfongo ukakatika. Watu wa Kileo walikuwa wameshapata kijito kingine, hawakuona haja. Watu wa Msele peke yao hawakuuweza udongo ule. Jua likawaka, migomba ikanyauka, ng'ombe zizini wakakauka maziwa. Na ndani ya nyumba, Mkunde mke wa Msele alikuwa mzazi, mtoto wake ana siku tisa. Mzazi asipopata maziwa na mtori, ziwa halijai. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi.

Msele akavuka korongo. Siku hiyo aliomba radhi kwa maneno mazuri, mpaka mwenyewe akalengwa na machozi. Watu wa Kileo walimtazama kama mbuzi anayelia. Hawakuambulia hata neno. Akaongeza sauti, wakashika mikuki, kwa maana maneno walikuwa wameyasahau lakini sauti ile waliikumbuka vizuri.

Aliporudi, Mkunde alimwambia kutoka kitandani, "Mume wangu, umeshawahi kwenda mahali bila mdomo wako?"

"Mtu anaendaje bila mdomo?"

"Umemtukania mtu mama yake, halafu unampelekea maneno tena? Uache mdomo hapa. Nenda na mama yako."

Sisi hupanda isale, mmea ule wa majani marefu, walipolala wazazi wetu. Msele akaenda pale alipolala mama yake, akachuma jani moja, refu, bichi. Akalifunga fundo katikati, kama anayeufunga ule mdomo wake mwenyewe. Akavuka, akapiga magoti mbele ya Kileo, akalinyoosha kwa mikono miwili. Kimya. Bibi alisema hicho kilikuwa kimya cha kwanza cha Msele tangu azaliwe.

Kileo alilijua jani. Lilikuwa limeota nyuma ya nyumba yake pia, juu ya mama yake. Akalitazama fundo, akamtazama Msele, muda mrefu, mpaka watu wakadhani atalitupa. Halafu akalipokea. Akachukua jembe, akatangulia kupanda msituni, na watu wake wakamfuata. Siku ya nne maji yalishuka.

Na tangu siku hiyo lugha hazikurudi kuwa moja, ila jani la isale lenye fundo linasema jambo lilelile mlima mzima. Mwenye kosa hulileta bila kujitetea, naye aliyekosewa halikatai, kwa sababu atakuwa amemkataa mama wa mtu.

Haya, shikeni machepe.

Ila ngojeni, kuna kipande nimekiruka. Yule mtoto wa siku tisa sikusema kama alipona. Alipona, na ukoo wetu wote umetoka kwake. Msele ni wetu, mdomo huu sikuuokota sokoni. Na Kileo ni wa kwenu, Mzee Ndetaramo, wewe uliyechimba ubavuni kwangu tangu asubuhi bila kunisema hata nilipokurushia tope. Kileo angelitupa lile jani, leo pasingekuwa na Barikieli wa kuwachosha. Kila mara nikiisimulia hadithi hii huwa nayaficha hayo, kwa kuwa kujisifu nimekuzoea na kushukuru bado kunanishinda.

Asante, mzee. Kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ni yako. Nakupa kwa mikono miwili, na nikishakupa nanyamaza.