Kifaru Aweka Mpaka

— Haya, masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo?
— Tumeifunga!
— Basi ngano na ipite.
— Ipite tuione!

Kilikuwa kiangazi kibaya. Nchi ilikauka kila upande, likabaki bonde moja tu la migunga lenye majani mabichi. Kifaru akalitaka lote. Akaja kwa kishindo, ti! ti! ti!, akafukuza pundamilia, akafukuza swala, akatangaza kwamba bonde sasa ni hifadhi yake, analilinda lisiharibiwe. Kulinda ni kuzuri, nani atakataa? Ila mlinzi huyu alikuwa anakula peke yake.

Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama vijiti, alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalianza kumkauka. Mtoto akivuta, hapati. Akivuta tena, hapati. Mama akaona akikaa kimya atazika. Aliogopa sana, msidanganyike, lakini akaenda.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Toka kwenye hifadhi yangu."

"Natoka, mzee. Ila mbona sioni mpaka?"

Sasa, hao wawili wana desturi moja. Hawajengi ua. Mpaka wao ni mavi, wakubwa mniwie radhi: lundo hapa, lundo pale, na lazima yawe mabichi. Yakikauka, yeyote anaingia. Digidigi akamkumbusha kwa heshima zote kwamba bonde kubwa namna ile linataka malundo mengi, tena kila asubuhi.

Kifaru akaona aibu, akaanza kazi. Akala, akakimbia, puu! Akala, akakimbia, puu! Akifika huku, kule kumekauka. Akirudi kule, huku kumekauka. Ili apate cha kuweka ikabidi ale zaidi, na kwa kula kwake upande mzima wa bonde ukageuka vumbi. Mwishowe akajibwaga chini, anahema.

"Mjukuu wangu," akasema, "nisaidie kuweka mpaka."

"Ningependa, babu. Lakini sijala. Hayo mavi nitayatoa wapi?"

Kifaru akafikiri, na kufikiri kulimchukua muda. Kisha akasema basi Digidigi ale, na swala ale, na pundamilia ale, mradi kila mmoja alinde upande wake. Digidigi akaomba na ule upande wenye vumbi upumzishwe kwanza. Wakakubaliana hivyo, wote.

Bonde likapona. Maziwa yakarudi, mtoto akanyonya hadi akasinzia na chuchu mdomoni, na mama yake akalia kwa furaha. Kifaru naye akanenepa, maana sasa alipata nafasi ya kula akiwa amesimama. Hadi leo anasema lile wazo lilikuwa lake.

Funzo ni hili, wanangu, kwa anayetaka kujibwaga chini akihema kama Kifaru: ukipata kitu kizuri, kishike peke yako, usimgawie jirani hata jani. Na mdogo akikuamkia kwa adabu, mfukuze kabla hajauliza swali.

— Ngano imepita. Imeacha nini njiani?
— Mavi mabichi!
— Basi hapo pana wenyewe.